Nimeiona Donna the Buffalo kwenye ukumbi wa kijijini Virginia: bendi inayopiga huku inaangalia miguu ya watu

#1 Mluguru wa Roanoke (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kusikiliza muziki mahali ambapo kwa akili yangu nisingefika, na tangu nirudi sijatulia. Nauleta uzi huu hapa kwa sababu humu kuna watu waliokulia kwenye dansi, na niliyoyaona yanawahusu.

Naishi Roanoke, Virginia, mwaka wa sita sasa. Zamu ya usiku napakia mizigo na mzee mmoja mzaliwa wa milimani. Huwa napiga nyimbo za Morogoro Jazz kwenye simu wakati wa kazi, naye hajawahi kulalamika. Usiku mmoja akasimama na boksi mikononi, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Hawa watu wako wanapiga kama wetu. Wakishaingia kwenye wimbo hawataki kutoka." Wiki iliyofuata akaja na tiketi mbili.

Bendi inaitwa Donna the Buffalo. Wapo tangu 1989, walianzia upande wa Trumansburg, jimbo la New York. Jina lao lilitokana na mtu kusikia vibaya: palipendekezwa "Dawn of the Buffalo", yaani alfajiri ya nyati, mwenzao akasikia Donna, likabaki hilo. Waasisi wawili bado wako mbele: Tara Nevins anapiga fidla, kodiani na gitaa, na Jeb Puryear anapiga gitaa la umeme. Wote wanaimba. Huku bendi za namna hii wanaziita bendi za jemu, maana yake wimbo una mwanzo unaojulikana, lakini katikati wanaufungua, wanauzungusha, na hakuna anayejua utafika wapi. Hawa wameujenga juu ya muziki wa asili wa hapa: fidla za milimani, zydeco (muziki wa dansi wa Louisiana), kantri, na rege kidogo.

Tulipanda mlima jioni. Baada ya nusu saa simu ikakosa mtandao, tukapotea njia mara mbili, na tulipofika kulikuwa kumeshaiva. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Shule ilipofungwa wanakijiji wakaubakiza. Bado una mistari ya mpira wa kikapu sakafuni. Jikoni akina mama wanauza maharage na mkate wa mahindi, pesa inakwenda kwenye paa. Watu hawakuzidi mia mbili, wazee na watoto wa miaka minne humo humo. Jukwaa limeinuka kama futi moja tu kutoka chini, kiasi kwamba mpiga besi akitaka anaweza kukupa mkono.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Mbele ya jukwaa hakuna viti. Ni mbao tupu, na watu wako juu yake tangu wimbo wa kwanza. Kulikuwa na mzee mwembamba, suruali ya bluu yenye mikanda ya mabegani, viatu vyeusi vyenye vyuma chini ya kisigino na kidoleni. Huyu hachezi na mtu. Mwili wake juu umetulia kabisa, mikono inaning'inia, unaweza kudhani anasubiri basi. Lakini chini! Nyayo haziachani na sakafu zaidi ya inchi moja na zinaongea. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya pembeni, kiganja changu kiko juu ya ubao, nikawa nampokea mkononi kabla masikio hayajamsikia.

Ndipo nikaona kwamba Jeb haangalii gitaa wala haangalii watu usoni. Anaangalia chini, kwenye viatu vya yule mzee. Mzee akiongeza, gitaa linaongeza. Mzee akivuta pumzi na kubaki na kisigino kimoja tu, gitaa linabaki na nyuzi mbili. Kwa saa ya ukutani wimbo ule ulikwenda dakika kumi na nane, na haukunichosha hata kidogo.

Halafu ikatokea hii. Fidla ikashuka, ikashuka, ikanyamaza. Gitaa likanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Ukumbi mzima ukabaki na miguu ya watu kama thelathini juu ya mbao, wote wakijua wako wapi ndani ya wimbo. Wamekwenda hivyo mizunguko miwili kamili. Kisha bendi ikaingia yote kwa pamoja na mimi, mtu mzima, nilipiga kelele.

Nimezaliwa Morogoro. Marehemu baba alikuwa ananipeleka bugi, yaani dansi la Jumapili mchana, nikiwa mdogo, na nakumbuka watu wakicheza karibu na bendi namna hii, jasho la mwimbaji linakudondokea. Mara ya mwisho kurudi likizo nilikwenda kwenye dansi nikakuta meza zimepangwa mpaka mbele, watu wamekaa, wanatunza, wanarudi kwenye viti. Bendi ilipiga vizuri sana. Lakini ilikuwa inapigia meza. Naamini muziki wetu umefupishwa na viti kuliko ulivyofupishwa na redio. Nisahihisheni kama nimekosea.

---

#2 Kijukuu cha Pwani

Hapo kwa mistari ya mpira wa kikapu nimeuona ule ukumbi. Endelea mkuu, nimekaa.

---

#3 Solo la Temeke

Mleta uzi, umenigusa mahali pake. Mimi napiga gitaa la solo, mwaka wa ishirini na mbili huu, bendi tatu tofauti. Ulichokieleza sisi tunakijua kwa jina la chemko. Sehemu ya kwanza mwimbaji anasimulia mambo yake taratibu, halafu tunavuka, magitaa yanashikana, solo, rizimu na besi, kila mtu na kona yake, na pale ndipo wacheza dansi walipokuwa wanajitoa. Zamani chemko lilikuwa linaendeshwa na sakafu. Wakubwa zangu walinifundisha hivi: usibadilishe mkong'oto, yaani ule mdundo wa kuchezea, mpaka uone watu wameuzoea, na usiuache mpaka uone wameushiba. Utajuaje wameshiba? Unaangalia miguu. Maneno hayo hayo yako.

Sasa hivi mbele yangu kuna meza, na juu ya meza kuna chupa. Nikifunga macho napiga vizuri zaidi kuliko nikiyafumbua, na hilo linaniumiza.

Swali la kiufundi. Nani anakata wimbo? Sisi akikosekana mtu wa kutoa ishara chemko linakufa vibaya. Na fidla na gitaa wanagawanaje? Maana vyote ni vyombo vya juu, vikigombana ni fujo.

---

#4 Mluguru wa Roanoke

Solo la Temeke, nilijua utauliza. Wakati wa mapumziko nilimuuliza mzee wangu hilo la kukata. Akanieleza kwamba asili yake ni jemu za majumbani. Wimbo wa fidla wa huku una vipande viwili, kila kipande kinarudiwa mara mbili, halafu unaanza tena, hata mara ishirini. Wanakaa duara. Mwenye fidla anayeongoza akitaka kumaliza anainua mguu mmoja juu, kila mtu anaona, wanajua huu ni mzunguko wa mwisho. Mguu, kaka! Nikacheka peke yangu pale.

Jukwaani hawakuinua mguu. Waliangaliana, basi.

Kugawana: fidla haipandi juu ya gitaa. Nilikaa karibu nikasikiliza hilo tu kwa nyimbo mbili nzima. Tara akichukua uongozi anabaki na ule wimbo wenyewe, anauzungusha, anabadilisha upinde kidogo tu, mvuto mrefu unakuwa mifupi miwili. Hapambi. Unga mweupe wa ulimbo unaopakwa kwenye upinde umejaa chini ya nyuzi. Wakati huo gitaa linafanya kazi ya rizimu, linakata katikati ya pigo kama rege. Gitaa likipanda, yeye anaweka fidla begani bila kupiga, au anahamia kwenye kodiani na kushikilia sauti moja ndefu chini. Kinanda kinajaza nafasi. Hakuna mtu aliyepiga kuonyesha kwamba anajua.

Kuna wimbo mmoja aliweka vyote chini, akavaa bati. Ni bati la mikunjo, linaning'inia mabegani kama fulana, unalikwangua kwa vyuma vilivyo mikononi. Hicho ni chombo cha zydeco, muziki wa watu weusi wa Louisiana wanaosema Kifaransa. Zamani walikwangua ubao wa kufulia, mpaka Clifton Chenier, mfalme wao wa kodiani, akabuni la kuvaa mwaka 1946. Sauti yake inakaa pale pale kwenye kayamba na dramu, ila ina ukali unaoingia kwenye magoti.

---

#5 Mtoto wa Uvira

Nawasalimia wote ndugu zangu. Mimi niko Lexington, Kentucky, natoka Uvira. Sisi Wakongo tuko wengi hapa. Ndugu wa Roanoke, kile unakiita chemko, sisi ni sebene. Ukitaka kukisikia bila viti, njoo kanisa letu Jumapili. Kiti kinasukumwa ukutani na mama zetu wenyewe. Mpiga solo wetu mchana anaosha magari, lakini akiingia sebene pasta anaacha mikrofoni chini na kungoja. Nimeona sebene ya dakika thelathini. Hakuna mtu aliyemwambia kata, kwa sababu mama mmoja alikuwa bado anazunguka.

Na nimecheza sana na jirani yangu hapa, mzee wa Kentucky mwenye banjo. Hatuelewani lugha vizuri. Anapiga, mimi nashika gitaa, natafuta. Kidole gumba chake kinafanya kazi kama cha wapigaji wetu wa Katanga wa zamani, kile kizazi cha Mwenda Jean Bosco: gumba linashika njia, kidole cha shahada kinaimba.

---

#6 Kibarua Huru

Naomba kuuliza, na sina nia mbaya. Mtu mweusi, usiku, milimani, simu haina mtandao, ndani ya ukumbi wa wazungu wa kijijini. Hukuogopa? Tunasoma habari za Marekani kila siku. Na huo muziki wa fidla na banjo si ndio wa watu wasiotupenda?

---

#7 Mluguru wa Roanoke

Kibarua, swali halali kabisa.

Niliogopa, ndiyo. Mlangoni watu waligeuka, wakaniangalia sekunde moja zaidi ya kawaida. Tulikuwa weusi wawili ukumbini, mimi na mama mmoja mtu mzima aliyekuja na mumewe. Kama ningekuwa peke yangu nadhani ningegeuza gari. Lakini mzee wangu alinishika mkono akanipeleka jikoni kwanza, akanitambulisha kwa akina mama kwa jina langu kamili, alilitamka vibaya lakini lote. Baada ya hapo nilikuwa mgeni wa fulani. Mnajua maana ya hilo, kijiji ni kijiji. Yule mwenye viatu vya chuma alinifundisha hatua mbili wakati wa mapumziko, akapiga magoti chini kuniwekea mguu sawa kwa mikono yake.

Hilo halifuti historia ya nchi hii, na sitaki mtu asome uzi huu akadhani nasema kila ukumbi uko hivyo. Nasimulia ule mmoja. Kuhusu banjo ngoja waje wanaojua zaidi yangu.

---

#8 Msomaji wa Mikocheni

Banjo ni yetu kwa ukoo, Kibarua. Waafrika waliopelekwa utumwani visiwa vya Karibi na Amerika ndio walioitengeneza: kibuyu, ngozi juu yake, mpini, na uzi mmoja mfupi unaopigwa na gumba. Mpaka leo Wajola wa Senegali na Gambia wanapiga akonting, kibuyu chenye ngozi na uzi mfupi wa gumba hivyo hivyo. Wazungu waliichukua karne ya 19, ikaingia kwenye maonyesho ya watu wanaojipaka masizi usoni kutukejeli Weusi, ikaingia viwandani, kibuyu kikawa duara la mbao na chuma. Watu weusi wengi wakaiacha, na kwa haki, maana ilishakuwa chombo cha kuwadhalilisha.

Lakini hawakuiacha wote. Aprili 2005 kulikuwa na mkutano wa wapigaji weusi wa banjo mjini Boone, North Carolina. Vijana watatu wakaungana wakaanzisha Carolina Chocolate Drops, Rhiannon Giddens akiwa mmoja wao. Wakawa wanakwenda Mebane, jimbo hilo hilo, kila Alhamisi jioni nyumbani kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla mweusi aliyerithi muziki huo kwa baba yake, wanakaa naye, wanapiga naye mpaka uingie. Santuri yao ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Mzee Thompson alifariki 2012 akiwa na miaka 93, na nyimbo zake hazikuzikwa naye.

Kwa hiyo mleta uzi, ulipokuwa umeweka kiganja kwenye ule ubao, ulichokipokea kina damu yako kidogo. Naongea kwa moyo wangu wote.

---

#9 Chai ya Bomet

Hamjambo. Uzi huu umenifanya nikumbuke nyanya yangu (bibi).

Sisi Wakipsigis wa Kenya tuna wimbo unaoitwa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita kwetu kurekodi, wasichana waliuimba wakipigiwa kibugandet, kinubi chetu cha nyuzi. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani! Wazungu walikuja na gramafoni na santuri zake, wazee wakasikia sauti inatoka kwenye sanduku, gitaa linalia, na jina likageuka kwa ulimi wetu. Wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Wasichana wanamwita aje acheze, aruke mpaka kaptula imdondoke. Jimmie Rodgers mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1933.

Nyanya alikuwa anauimba akichuna chai. Hakuwahi kuniambia ni mzungu. Kwake alikuwa mchezaji hodari tu, anayealikwa.

---

#10 Mluguru wa Roanoke

Chai ya Bomet, umenitoa machozi, dada au kaka, samahani sijui nikuite vipi. Huyo Jimmie Rodgers alirekodiwa mara ya kwanza Agosti 1927 mjini Bristol, ambako mpaka wa Virginia na Tennessee unapita katikati ya barabara kuu. Kutoka kwangu ni mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari. Nitakwenda. Nitasimama pale nimpigie Chemirocha kwenye simu, asikie alikofika.

---

#11 Dada wa Bomani

Nimesoma yote kwa furaha. Naomba upande wa pesa. Bendi ya miaka zaidi ya thelathini inakwendaje kupiga kwa watu mia mbili na ikaishi? Mume wangu alikuwa kwenye bendi, tumeachana na muziki kwa sababu ya ada za shule.

---

#12 Mluguru wa Roanoke

Dada, pole na hongera kwa kuvumilia. Ninachokijua ni hiki. Bendi za jemu huku hazikutegemea sana santuri. Grateful Dead ndio waliofungua njia kuanzia 1965: wakaruhusu watu wawarekodi jukwaani na kugawana kanda bure, mpaka mwaka 1984 wakawatengea warekodi sehemu yao maalumu ukumbini. Kwa kuwa hakuna usiku unaofanana na mwingine, aliyesikia kanda anataka kuja mwenyewe. Donna the Buffalo nao wanaruhusu, na maonyesho yao mengi yako intaneti bure kwenye hifadhi ya Internet Archive. Mashabiki wao wanajiita Kundi, kama kundi la nyati, wanawafuata jimbo hadi jimbo, wanalala kwenye mahema.

Halafu wana tamasha lao Trumansburg, tangu 1991. Lilianza kwa ajili ya kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Tangu 2003 wana lingine Shakori Hills, North Carolina, shambani. Kiingilio kile chetu kilikuwa dola 25. Piga hesabu uone si utajiri. Wanaishi barabarani, na naamini kuna familia zilizobeba mzigo kama wako. Sina jibu zuri kuliko hilo.

---

#13 Mzee wa Kakamega

Hiyo bati ya kukwangua: sisi tulikuwa na chupa ya Fanta. Ile ya zamani yenye mikunjo. George Mukabi na wenzake wa omutibo, mtindo wetu wa gitaa: gitaa kavu moja na chupa inakwanguliwa kwa msumari, na boma zima linacheza. Nilikuwa mtoto mshika chupa. Ukichelewa kidogo tu mpiga gitaa anakuangalia, ukiwahisha anakuangalia tena. Mchezaji yeye hakuangalii kamwe, anaacha kucheza. Hiyo ndiyo adhabu kubwa zaidi.

---

#14 Solo la Temeke

Mzee wa Kakamega, shikamoo. Hilo la mchezaji kuacha kucheza nimeliandika kwenye daftari.

Mluguru, una chochote ulichorekodi?

---

#15 Mluguru wa Roanoke

Nina dakika nne za simu, sauti haiko safi. Nimekutumia pembeni. Sikiliza kuanzia dakika ya tatu, fidla inaposhuka.

---

#16 Solo la Temeke

Nimeisikiliza mara tano, mara ya mwisho na mpiga dramu wetu, tumekaa kwenye ngazi za ukumbi. Kuna kisigino kimoja upande wa kushoto kinatangulia pigo kidogo sana, wengine wote wanakaa sawa, na bendi inaporudi inarudi kwa kile kilichotangulia. Mpiga dramu hakusema kitu, alirudisha nyuma tu na kusikiliza tena.

Nimezungumza na mwenye ukumbi. Jumapili hii kuanzia saa kumi jioni ametukubalia kutoa meza safu mbili za mbele. Akaniuliza waliozoea kukaa pale watakaa wapi. Magitaa tunayashusha chini ya jukwaa, sakafuni. Nitarudi hapa Jumatatu.